Wetu Kaibiwa, Wao Kabebwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upendeleo wa Utaifa Kwenye Ngumi

Kila pambano kubwa likiisha kwa pointi, vibanda umiza vinagawanyika. Wetu akishindwa, kaibiwa. Wao wakishinda, kabebwa. Hapa nimejibu maswali ambayo mashabiki wa masumbwi huulizana zaidi kuhusu jambo hilo, na pale nilipo na msimamo sikuuficha.

Upendeleo wa utaifa kwenye ngumi ni kitu gani hasa?

Ni kumpima bondia kwa bendera yake kabla ya kumpima kwa kazi yake ulingoni. Kushangilia hakumo. Mtu aliyekata tiketi ana haki ya kupiga kelele hadi sauti ikauke. Tatizo linaanza pale shabiki anapotoka kwenye "nataka ashinde", akaingia kwenye "ameshinda", kisha akavuka hadi "ni bora kuliko yule", na njia nzima anadhani amesimama palepale.

Kwani shabiki anadanganya makusudi?

Mara nyingi hapana, na ndiyo maana mabishano hayaishi.

Ngumi za kulipwa hutumia mfumo wa pointi 10: anayeshinda raundi hupata 10, mwenzake 9, au pungufu ya hapo akiangushwa. Majaji wanatakiwa kuangalia makonde safi yaliyofika, mashambulizi yenye tija, nani anautawala ulingo, na ulinzi. Konde safi linaonekana. Lakini "kuutawala ulingo" ni nini? Bondia anayerudi nyuma kwa hesabu huku anadonoa kwa jabu anautawala, au anafukuzwa? Hapo sheria inamwachia mtazamaji nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na mapenzi.

Halafu kuna suala la macho yenyewe. Shabiki humtazama wake. Ukimkodolea macho mtu mmoja kwa dakika 3 nzima, utaona kila konde alilorusha, hata yale yaliyoishia kwenye glovu za mpinzani, na mengi aliyopigwa utayaona kwa kuchelewa. Wasaikolojia wa Marekani walilionyesha hili zamani kwa mchezo mwingine. Baada ya mechi ya mpira wa Kimarekani ya mwaka 1951 kati ya vyuo vya Princeton na Dartmouth, wanafunzi wa pande zote mbili walionyeshwa filamu ileile na kuombwa wahesabu rafu. Wa Princeton waliziona rafu nyingi zaidi za Dartmouth kuliko wa Dartmouth walivyoziona wenyewe.

Nitautambuaje kwangu mwenyewe?

Sikiliza maneno yako. Wetu akirudi nyuma, anatumia akili. Wao wakirudi nyuma, wanakimbia. Wetu akikumbatia, anavuta pumzi. Wao wakikumbatia, refa amelala. Wetu akipigana na wachovu watano mfululizo, anajengwa. Wao wakifanya hivyo, wananunua rekodi. Wetu akishindwa, kambi ilikuwa mbaya, chakula kilikuwa kigeni, na usiku hakulala. Wao wakishindwa, basi ndicho kiwango chao.

Kitendo ni kimoja, jina linabadilika kwa kufuata bendera. Kwa maoni yangu upendeleo mwingi umekaa hapo, kwenye kipimo kinachorefuka na kufupika, kuliko kwenye uongo wa waziwazi kuhusu nani alipigwa.

Toa mfano wa nyumbani.

Ninayo miwili, na yote ni ya mguu.

Julai 1989, John Mugabi wa Uganda, yule "The Beast", alikwenda Ufaransa kupigana na René Jacquot kuwania mkanda wa WBC, moja ya mashirika manne makubwa ya ngumi, wa uzito wa super welter. Raundi ya kwanza tu Jacquot akateguka kifundo cha mguu, pambano likaisha. Mugabi akawa bingwa wa dunia, na Afrika Mashariki imemwandika hivyo tangu siku ile. Sijawahi kusikia mtu wa huku akiuita ule ushindi wa bahati.

Septemba 2022, Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Liverpool kupigana na Liam Smith. Raundi ya nne akapiga goti, pambano likasimamishwa. Yeye alilalamikia mguu na viatu. Mitandao ya Tanzania iligawanyika: wapo waliomdhihaki bila huruma, na wapo walioshikilia kwamba Smith hakushinda chochote, kwani mtu mwenye mguu mbovu hapimwi.

Sasa chukua hoja ya hilo kundi la pili uipeleke Ufaransa ya 1989. Kama mguu unafuta ushindi wa Smith, basi unafuta na ubingwa wa Mugabi. Kama ubingwa wa Mugabi ni halali, na kwa sheria ni halali kabisa, basi Smith naye alishinda. Huwezi kula pande zote mbili.

Nimtendee haki Mwakinyo: miaka minne kabla, Septemba 2018, alikwenda Birmingham akiwa hajulikani na akammaliza Sam Eggington katika raundi ya pili. Mbele ya Waingereza, kwao, bila kuwapa majaji nafasi ya kufungua kalamu. Siku ile ni mashabiki wa Uingereza waliotafuta sababu: Eggington alimdharau, Eggington alikuwa amechoka. Ugonjwa ni uleule.

Mbona Wamarekani na Waingereza ndio wanaolaumiwa zaidi?

Kwa sababu wao ndio wenye runinga, magazeti na fedha, kwa hiyo upendeleo wao unasikika dunia nzima. Upendeleo wa shabiki wa Kinondoni unaishia Kinondoni.

Upendeleo wa nchi yenye soko kubwa una sura yake. Haumsifu wake kupita kiasi tu, unakataa pia kuhesabu kilichofanyika mbali. Joe Calzaghe wa Wales alikaa na mkanda wa WBO wa uzito wa super middle kwa zaidi ya miaka 10, na kwa muda mwingi Wamarekani walimwita bondia wa nyumbani. Jeff Lacy wa kwao alipokwenda Manchester mwaka 2006 akachakazwa raundi zote 12, wengi waligundua ghafla kwamba Lacy hakuwa mkali kiasi kile. Calzaghe alipovuka bahari mwaka 2008 na kumshinda Bernard Hopkins Las Vegas kwa pointi za majaji wawili dhidi ya mmoja, kisha Roy Jones pale Madison Square Garden, hoja ikahamia kwenye umri wa wapinzani. Umri ni hoja ya kweli, wote wawili walikuwa wamepita ubora wao. Lakini angalia jinsi mstari wa kumalizia ulivyokuwa ukisogezwa.

Naoya Inoue wa Japani amepitia hayohayo. Mwaka 2022 jarida la The Ring lilimweka namba moja duniani bila kujali uzito, wa kwanza kutoka Japani, na bado zikaendelea kelele za "aje Marekani". Stephen Fulton, bingwa wa Kimarekani, alimfuata Tokyo mwaka 2023, akamalizwa raundi ya nane. Ulingo wa Tokyo una kamba nne kama wa Las Vegas.

Mabondia wadogo kwa umbo wanaumia mara mbili. Hawako kwenye soko kubwa, na uzito wao hautazamwi.

Majaji nao hubeba wa kwao?

Wakati mwingine, lakini si kwa urahisi ambao mashabiki hudhani. Chukua Mwingereza Lennox Lewis na Mmarekani Evander Holyfield, New York, Machi 1999. Kwa hesabu ya CompuBox, kampuni inayohesabu makonde, Lewis alifikisha makonde 348 na Holyfield 130. Majaji walikuwa watatu: Mmarekani Eugenia Williams, Stanley Christodoulou wa Afrika Kusini, na Mwingereza Larry O'Connell. Williams alimpa Mmarekani mwenzake, 115-113. Christodoulou akampa Lewis, 116-113. Hadi hapo hadithi inakwenda kama shabiki anavyoitaka.

Sasa muulize Mwingereza kadi ya O'Connell ilisemaje. 115-115, sare! Kama Mwingereza angempa Mwingereza, Lewis angeondoka na mikanda yote usiku ule. Kadi ya mtu wa nchi yake ilizuia ushindi wa Lewis sawasawa na ile ya Williams, lakini miaka yote hii lawama zimemwangukia Williams peke yake. Alistahili nyingi, hasa kwa raundi ya tano aliyompa Holyfield wakati Lewis alikuwa anamtwanga kwenye kamba. Ila ukumbi ukitaka njama ya kitaifa, kadi isiyoendana na njama husahaulika.

Na Seoul 1988?

Hilo ndilo doa kubwa la ngumi za ridhaa. Mmarekani Roy Jones alimtandika Park Si-hun wa Korea Kusini katika fainali ya Olimpiki, na majaji watatu kwa wawili wakampa Park. Majaji waliompa Park hawakuwa Wakorea: mmoja alitoka Uruguay, mmoja Morocco, na mmoja, ndiyo, Uganda. Waliomwona Jones ameshinda walitoka Umoja wa Kisovyeti na Hungaria, wakati ambapo vita baridi havijaisha. Ukitumia pasipoti za majaji kutabiri kadi zile, unakosa kila kitu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilichunguza miaka kadhaa baadaye, ikasema haikupata ushahidi wa rushwa. Mwaka 2023 Park mwenyewe alisafiri hadi Florida akamkabidhi Jones ile medali.

Basi kupigania nyumbani kunasaidia au hakusaidii?

Kunasaidia, na limepimwa. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa mapambano ya ubingwa wa Ulaya. Walipolinganisha mabondia wenye uwezo sawa, nafasi ya mwenyeji kushinda ilikuwa asilimia 57 pambano lilipoisha kwa KO, 66 lilipoisha kwa TKO, na 74 lilipokwenda kwa majaji.

Zitazame namba hizo kwa mpangilio wake. KO haina mjadala, mtu yuko chini anahesabiwa. TKO ina uamuzi wa refa ndani yake. Pointi ni maoni matupu. Kadiri maoni ya binadamu yanavyoongezeka, ndivyo mwenyeji anavyozidi kunufaika. Ile 57 inaonyesha pia kwamba sehemu ya faida ya nyumbani ni halali: usingizi mzuri, chakula cha kawaida, hakuna safari. Kilichozidi hapo ndicho kelele za ukumbi huwafanyia watu wenye kalamu.

Bondia wetu anayesafiri anazijua namba hizo bila kuzisoma. Ndiyo maana kocha yeyote wa Dar atamwambia kijana anayekwenda ugenini: usiache liende kwa majaji.

Manny Pacquiao wa Ufilipino aliibiwa mara mbili, sivyo?

Mara moja, kwa maoni yangu. Juni 2012 majaji wawili kati ya watatu walimpa Mmarekani Timothy Bradley, wote 115-113. WBO iliweka jopo la majaji watano kulirudia pambano kwa video, na wote watano wakamwona Pacquiao. Julai 2017 alipoteza kwa Mwaustralia Jeff Horn huko Brisbane, Australia. Kelele zilikuwa zilezile, WBO ikarudia zoezi lilelile, na safari hii jopo likathibitisha ushindi wa Horn.

Ile kadi ya 117-111 kwa Horn ilikuwa pana mno, sawa. Lakini kadi mbaya na mshindi asiye sahihi ni vitu viwili tofauti. Mashabiki wa Pacquiao, ambao wamejaa pia Nairobi na Dar, walilipokea jopo la kwanza kama mahakama na la pili kama genge.

Wakipigania nchi ya tatu, si tatizo limekwisha?

Limehama. Oleksandr Usyk wa Ukraine na Tyson Fury wa Uingereza walipigana Riyadh mara mbili mwaka 2024. Mara ya kwanza, mwezi Mei, majaji walitoka Hispania, Kanada na Marekani; wawili wakamwona Usyk, mmoja Fury. Hakukuwa na Mwingereza wala Myukraine kwenye kalamu, wala ukumbi wa mwenyeji. Fury akasema watu wanaipendelea nchi iliyo vitani. Desemba wakarudiana, majaji wote watatu wakaandika 116-112 kwa Usyk, na Fury akalalamika tena.

Ukishakosa bendera ya jaji ya kulaumu, utailaumu bendera ya huruma.

Ni bendera tu, au kuna mengine?

Kuna mengine mengi, na ndiyo yanayofanya somo hili liwe tamu. Kinshasa, Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman wote walikuwa Wamarekani weusi. Mji mzima ukamchagua Ali, ukaimba "Ali boma ye", yaani "Ali, muue", kwa Kilingala. Foreman alishuka na mbwa wa aina ya German shepherd, mbwa ambao Wakongo waliwakumbuka kwenye mikono ya polisi wa Kibelgiji. Utaifa pale ulitengenezwa kwa siku chache, bila pasipoti.

Oscar De La Hoya, mzaliwa wa Los Angeles kwa wazazi kutoka Mexico, alizomewa na mashabiki wa Kimexico alipopambana na Julio César Chávez mwaka 1996. Lewis mwenyewe alizaliwa London, akaipa Kanada dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988, akarudi Uingereza kuwa bingwa, na kwa miaka Waingereza walimpenda Frank Bruno kuliko yeye. Bruno alikuwa wao. Lewis alikuwa bora.

Kenya na Tanzania je?

Utani wetu ni mkali lakini una faida: unatulazimisha kutazama mapambano ya jirani. Mtanzania Karim Mandonga alipokwenda Nairobi Januari 2023 kupigana na Mkenya Daniel Wanyonyi, ukumbi wa KICC ulijaa watu waliokuja kwa sababu ya mdomo wake na ile ngumi yake ya Sugunyo. Mashabiki wa pande zote walijua wanatazama burudani. Hakuna aliyemweka kwenye orodha ya dunia, na huko ni kupima vizuri.

Mfano wa maana zaidi ni Fatuma Zarika wa Kenya. Alichukua mkanda wa WBC wa super bantam mwaka 2016 huko Michigan, Marekani, dhidi ya Alicia Ashley, tena kwa majaji waliogawanyika, ugenini. Septemba 2018 akamshinda Yamileth Mercado wa Mexico jijini Nairobi. Novemba 2019 wakarudiana Chihuahua, kwao Mercado, na Zarika akapoteza mkanda. Mashabiki wa Kenya huhesabu Nairobi kama kipimo na Chihuahua kama wizi; wa Mexico kinyume chake. Mimi naanza na Michigan. Kushinda kwa pointi kwenye nchi ya mpinzani ndiyo karatasi ngumu kuliko zote kwenye faili la bondia.

Cheka na Matumla walikuwa mabingwa wa dunia?

Francis Cheka wa Morogoro alimshinda Mmarekani Phil Williams mwaka 2013 jijini Dar es Salaam akachukua mkanda wa WBF. Rashid Matumla alikuwa na wa WBU. Mikanda hiyo ina neno "dunia" ndani yake, lakini haimo kwenye ile minne mikubwa: WBA, WBC, IBF na WBO. Wote wawili walikuwa mabondia wa kweli, waliobeba mchezo huu wakati hakuna fedha. Hawahitaji kupandishwa cheo ndipo tuwaheshimu.

Viwango vya mitandaoni vinaaminika?

BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, hutumia kompyuta, kwa hiyo haina bendera, ila inakula tu kilichoingizwa: bondia anayepigana ndani ya nchi yake tu hupewa namba isiyo na mahali pa kuilinganisha. The Ring ni jopo la watu. Bodi ya TBRB, ya kupanga viwango vya mabondia, iliyoanzishwa mwaka 2012, imekusanya wajumbe kutoka nchi nyingi makusudi ili bendera zipunguzane nguvu. Viwango vya mashirika ya mikanda visome ukijua kwamba mashirika hayo huishi kwa ada za mapambano.

Nifanyeje nipime kwa haki?

Zima sauti ya mtangazaji, kwani yeye ndiye shabiki mwenye kipaza sauti. Andika pointi kila raundi inapoisha, usingoje ya 12. Raundi moja mtazame mpinzani peke yake. Kisha, ukimaliza kumsifu au kumponda mtu, badilisha majina: ungesema hivyohivyo kama angetoka Manila au Lusaka?

Haya, wewe Mtanzania, nani bora wa muda wote Afrika Mashariki?

Ayub Kalule wa Uganda. Bingwa wa dunia wa ridhaa Havana 1974, kisha akahamia Denmark kupigana ngumi za kulipwa. Mwaka 1979 alikwenda Japani akamnyang'anya Masashi Kudo mkanda wa WBA, kwa pointi, Kudo akiwa nyumbani. Alikuwa hajapoteza pambano hadi alipokutana na Sugar Ray Leonard huko Houston mwaka 1981, na Leonard alihitaji raundi tisa.

Wa pili namweka Cornelius Boza-Edwards, mwingine wa Uganda, aliyemshinda Rafael Limón kwa pointi huko California mwaka 1981. Wa tatu Mugabi, kwa zile raundi 11 na bingwa wa Kimarekani Marvin Hagler kuliko kwa ule mguu wa Jacquot. Robert Wangila wa Kenya, dhahabu ya Seoul, ningempandisha kama ngumi za kulipwa zingempa muda. Alifariki mwaka 1994 baada ya pambano la Las Vegas. Matumla wangu nimemweka wa tano, na najua Keko nzima itanitafuta.